Nicodemus: mi yule mwanamfalme simtaki

Kuna hadithi inapendwa sana kuhusu Nicodemus, kile kijiji cha watu weusi kule Kansas, Marekani, kwamba jina limetokana na mwanamfalme mmoja wa Afrika aliyetekwa akauzwa utumwani halafu akaja kujinunulia uhuru wake mwenyewe. Tamu, sikatai. Ila inafunika stori yenyewe, ambayo ni kali kuliko hiyo.

We fikiria, mwaka 1877, watu waliozaliwa utumwani Kentucky wanaletewa vipeperushi vya kusifia ardhi ya Kansas, wanapanda treni na watoto wao. Walioanzisha mji walikuwemo W. H. Smith, mtu mweusi, na W. R. Hill, mzungu mwenye mdomo wa dalali haswa. Treni inawashusha mji wa Ellis, kutoka hapo ni mkokoteni tu, nyika tupu. Willina Hickman alifika 1878 na mumewe mchungaji, akawa anauliza jamani hiyo Nicodemus iko wapi mbona siioni, mume akamwonyesha moshi unafuka kutoka ardhini. Watu walikuwa wanaishi kwenye mashimo waliyochimba, maana miti ya kujengea iko wapi? Mama wa watu akaanza kulia.

Wapo waliogeuza wakarudi. Waliobaki, ile winta ya kwanza ilikuwa iwamalize, na wenyewe wanasimulia kuwa Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanatoka kuwinda ndo waliwagawia nyama. Waosage haohao ambao serikali ilishawahamisha Kansas miaka michache tu nyuma ili walowezi wapate ardhi! Aliyefukuzwa anamlisha aliyekuja kukaa. Sasa hapo mwanamfalme wa nini tena?

Afu 1888 reli ikawapita, ikajengwa ng'ambo ya mto Solomon, wenye maduka wakahama kuifuata, ndo ukazaliwa mji wa Bogue. Nicodemus ikanywea kweli lakini haikufa, na tangu 1996 ni eneo la kihistoria la taifa.

Mwisho wa Julai kila mwaka vitukuu wanarudi kutoka kila kona, wanakula, wanacheza, na sherehe yenyewe asili yake ni Agosti mosi, siku watumwa wa visiwa vya Karibi chini ya Uingereza walipotangaziwa uhuru mwaka 1834. Yaani watu wametoka utumwani juzi, wanalala mashimoni, na bado wanasherehekea uhuru wa wenzao wa visiwani ambao hawajawahi hata kuwaona. Hii nayo husikii mtu anaisimulia, wote wako bize na mwanamfalme.