Kabla hujakimbia, angalia mkono gani umeanza

Juzi pale stendi ya Mbagala Rangi Tatu kijana kaanguka kifafa, kufumba na kufumbua watu wameshampa uwanja, kuna mama anamvuta mwanae "we usisogee, akijamba utaambukizwa!" Jamani, mpaka leo tupo kwenye habari za ushuzi? Kifafa hakiambukizi, sio kwa mapovu sio kwa hiyo hewa nyingine.

Ila mi kinachoniuma zaidi ni kwamba mkikimbia wote, nani atamsimulia dokta? Mdogo wangu alivyoanza kuanguka tulijazana hospitali ukoo mzima, dokta akauliza swali moja, nani alimuona anaanza? Kimya. Wote tulikuja baada ya kishindo. Akapimwa EEG, ile wanakubandika vinyaya kichwani kusoma umeme wa ubongo, majibu safi, mama mkubwa akapata la kusema, "si niliwaambia hii sio ya hospitali." Kuku wawili weusi wakaenda kwa mganga, na hela juu.

Kumbe EEG kuwa safi haimaanishi huna kifafa, mashine inasoma kwa muda mfupi tu, kama muda huo ubongo umetulia itaona nini sasa? Na kuanguka mara moja dokta hakuandikii kifafa hivihivi, mara nyingi anataka angalau mara mbili, zimepishana zaidi ya saa 24, tena bila kitu cha papo hapo kama sukari kushuka. Degedege la mtoto mwenye homa nalo sio kifafa, sema sisi tunavitia kapu moja.

Aliyetuokoa ni binamu yangu na simu yake. Siku mdogo wangu alipoanguka tena tulimtukana, mtu anateseka we unarekodi! Lakini kwenye video mkono wa kulia ndo ulianza kurukaruka peke yake, mdomo ukaenda upande, ndo mwili mzima ukafuata. Dokta kaiangalia mara tatu, akauliza alishawahi kuumia kichwa? Bodaboda, Kimara, miaka miwili nyuma, alishonwa tukasahau kabisa. CT skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikaonyesha kovu ubongo wa kushoto, na kushoto ndo kunakoendesha mkono wa kulia.

Wengine chanzo ni kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria kupanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kiharusi, hata mayai ya mnyoo tegu wa nguruwe yakiingia na chakula kichafu. Na karibu nusu ya wagonjwa duniani chanzo hakijulikani, ambayo haina maana ni jini, mama mkubwa samahani.

Yule wa Mbagala nilimlaza ubavu, nikamzuia jamaa mmoja aliyeshaleta kijiko cha kumtia mdomoni, nikarekodi huku naangalia saa maana ikizidi dakika tano ni kukimbizwa hospitali. Ilikuwa mbili na kidogo. Alipozinduka akanipa namba ya dada yake, nikamrushia video, halafu nikaifuta kwangu mbele ya macho yake.