Ndege ibaki chini, lakini tuambiwe kwa nini

Hapa Dodoma safari ya ndege ikiahirishwa, makundi mawili huzuka papo hapo. La kwanza ni la waheshimiwa na wasaidizi wao, wenye kikao Dar es Salaam saa nane mchana, ambao humgeukia binti wa kaunta kana kwamba yeye ndiye aliyeharibu ndege. La pili ni la wale wa "nilisema mimi, bora SGR", na tangu treni ya umeme ianze safari za Dar na Dodoma mwaka 2024, hawa wamepata sauti kubwa zaidi. Mimi niko kundi la tatu, dogo na lisilopendwa. Ndege ikizuiwa kuruka kwa sababu ya msingi, nafurahi. Kinachonikera ni tangazo lenyewe: "kwa sababu za kiufundi". Maneno hayo hufunika tairi lililokwisha, injini inayosubiri kipuri na ufa kwenye mhimili wa bawa, vyote kwa shuka moja. Abiria anarudi nyumbani bila kujua kama amecheleweshwa na uzembe au ameokolewa na utaratibu.

Utaratibu ninaousema ni agizo la lazima la usalama. Ndege ikishauzwa, watu hawaachi kujifunza juu yake. Fundi akikuta ufa mahali ambapo hakuna aliyeutarajia, taarifa inarudi kwa mtengenezaji na kwa nchi inayosimamia muundo wa ndege hiyo. Kwa Boeing na Cessna ni Marekani kupitia mamlaka yake ya anga, FAA. Kwa ATR ni Ulaya kupitia wakala wake wa usalama wa anga, EASA. Kwa Dash 8 ni Kanada, na hata A220 zetu, pamoja na jina lake la Airbus, muundo wake uko chini ya Kanada. Wakiridhika kwamba hatari ipo na inaweza kujitokeza kwenye ndege nyingine za aina hiyo, wanatoa agizo: kagua hapa, kwa kifaa hiki, kabla ya muda huu, ukikuta ufa, badilisha au imarisha kwa namna hii. Muda unaweza kuwa wa siku, wa saa za kuruka, au wa idadi ya mizunguko ya kupaa na kutua. Ukiisha kabla kazi haijafanyika, ndege hairuki.

Halafu kuna waraka wa kiwanda, ambao wengi huuchanganya na agizo. Mtengenezaji anawaandikia wenye ndege akiwashauri wafanye marekebisho fulani. Kazi inayoelezwa inaweza kuwa ile ile, nati kwa nati. Ila ushauri, isipokuwa nchi yako imeamua kuufanya sheria, mtu anaweza kuupangia siku yake mwenyewe.

Tarehe 12 Juni 1972, DC-10 ya American Airlines ilipoteza mlango wa mizigo ikiwa juu ya Windsor, Kanada. Hewa iliyoshindiliwa ndani ilitoka kwa kishindo, sakafu ya nyuma ikabonyea, na kebo za kuongozea ndege zinazopita humo zikaharibika. Rubani aliishusha hivyo hivyo, na hakuna aliyekufa. Hapo FAA ilikuwa na kila sababu ya kutoa agizo. Badala yake mkuu wake alielewana kwa simu na bosi wa kiwanda cha McDonnell Douglas kwamba mambo yaende kwa waraka, kiungwana, ndege isichafuliwe jina. Mhandisi wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza sehemu za bodi, Dan Applegate, aliandika mwezi huo huo kuwaonya wakubwa wake kwamba milango ile itafunguka tena na ndege zitapotea. Tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines iliondoka Paris, mlango ule ule wa mizigo ukang'oka, sakafu ikaporomoka, kebo zikaharibika, na ndege ikaangukia msitu wa Ermenonville. Watu 346. Hakupona hata mmoja.

Kuna jambo katika mkasa huo ambalo watu hulipita haraka, nami siwezi. Kumbukumbu za kiwandani za ndege ile zilionyesha kwamba mlango ulikuwa umesharekebishwa. Mihuri ya wakaguzi ilikuwapo. Kazi yenyewe haikuwa imekamilika. Kwa hiyo hata kama FAA ingetoa agizo kali namna gani mwaka 1972, bado ingebaki habari ya yule mwenye muhuri: je, alipanda ngazi akaangalia, au aligonga akiwa mezani?

Tusidhani haya ni ya ughaibuni tu. Tarehe 14 Mei 1977, Boeing 707 ya mizigo ya kampuni ya Uingereza, Dan-Air, iliondoka Nairobi asubuhi kwenda Lusaka. Ikikaribia kutua, bawa dogo la mkiani upande wa kulia liling'oka na watu 6 waliokuwamo wakafa wote. Ulikuwa uchovu wa metali, ufa uliokua taratibu mahali ambapo ukaguzi wa kawaida haukuuona. Waliobuni muundo ule walitegemea kwamba sehemu moja ikivunjika, ya jirani ingebeba mzigo hadi ndege itue. Haikubeba. Ndege nyingine za aina hiyo zilipokaguliwa duniani, nyufa za namna ile zikakutwa kwenye makumi yake. Yaani makumi ya marubani walikuwa wakiruka kila siku na mkia wa aina ile, karatasi zao zikiwa safi kabisa.

Wanasiasa wetu hupenda neno "mpya". Ndege mpya, tumenunua ndege mpya. Sawa, lakini umri wa bodi ya ndege hauhesabiwi kwa kalenda peke yake. Kila ndege kubwa inapopaa hujazwa hewa na kutanuka kidogo, ikishuka inanywea, na metali inaweka kumbukumbu ya kila mzunguko. Boeing 737 ya Aloha Airlines iliyochanika paa juu ya Hawaii tarehe 28 Aprili 1988 ilikuwa na miaka 19, ila ilikuwa imeruka mara 89,680, kisiwa hadi kisiwa, kwenye hewa ya chumvi. Mhudumu mmoja alivutwa nje akapotea, waliobaki walinusurika. Sasa angalia ramani yetu. Ndege inayokwenda Dar na Zanzibar, dakika ishirini hivi angani, mara kadhaa kwa siku, na bahari ikiipulizia chumvi, inazeeka kwa kasi ambayo ile inayolala angani usiku mzima kwenda Guangzhou haiijui. Hii ya Dodoma iko katikati: saa moja hivi, vumbi badala ya chumvi.

Na Aloha ina ukakasi wake. Agizo la FAA kuhusu maungio ya bodi ya 737 lilikuwapo tangu 1987, ila lililazimisha kukaguliwa kwa sehemu ya maungio tu, wakati waraka wa Boeing wenyewe ulitaja mengi zaidi. Wachunguzi waliilaumu kampuni kwa matengenezo yake, na FAA nayo haikuachwa. Safari hii ushauri ulikuwa mpana kuliko amri. Kuna pia abiria aliyeuona ufa karibu na mlango wakati anapanda, akanyamaza. Hapa kwetu angesema, angeambiwa "mama, tafadhali kaa kwenye kiti chako".

Hata kipande kilichobuniwa kuishi maisha yote ya ndege hakiaminiki bila kuangaliwa. Mwaka 2019 mafundi waliofungua Boeing 737 kwa kazi nyingine kabisa walikuta nyufa kwenye vipande vinavyoshikilia bawa kwenye bodi, vilivyokadiriwa kudumu mizunguko 90,000. FAA ikatoa agizo: yenye zaidi ya mizunguko 30,000 ikaguliwe ndani ya siku 7. Siku saba! Hakuna ratiba ya safari inayopenda agizo la namna hiyo, na naamini viwanja vingi duniani vilisikia "sababu za kiufundi" wiki ile.

Kuna anayejiuliza kwa nini wasizibe tu ufa, mambo yaendelee. Basi la Singida likipata ufa kwenye chesisi, mafundi wa Kizota wanachomelea na jioni linapakia abiria. Ndege haitibiwi hivyo. Aluminiamu yake ikichomelewa ovyo inapoteza nguvu pale pale, ndiyo maana kiraka cha ndege kina unene wake, umbo lake na safu zake za ribiti, na hakuna aliyeruhusiwa kubuni lake. Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japan Airlines iliburuza mkia wakati wa kutua, ukuta wa nyuma unaozuia hewa ukatengenezwa. Mahali palipotakiwa safu mbili za ribiti kubeba mzigo, ikabaki inabeba moja. Ukuta ulivumilia miaka 7. Ulipasuka tarehe 12 Agosti 1985 na watu 520 wakafa.

Sasa turudi nyumbani. Kwa mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 na viambatisho vyake, nchi iliyosajili ndege ndiyo inayowajibika kuhakikisha inafaa kuruka. Ndege yenye alama ya usajili ya 5H ni mzigo wa Tanzania, yaani wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Washington wakitoa agizo, hawaji Dodoma kuangalia kama limetekelezwa. Na hapa kwetu kuna hali ya pekee: ndege za Air Tanzania, yaani ATCL, ni mali ya serikali, anayeziendesha ni shirika la serikali, na anayezikagua ni mamlaka ya serikali. Simtuhumu mtu. Ninachosema ni kwamba mkaguzi wa TCAA anayeizuia ndege ya saa kumi na mbili asubuhi, yenye nusu ya kamati ya Bunge ndani, anahitaji ulinzi kuliko mkaguzi anayeizuia ndege ya mfanyabiashara. Akipigiwa simu "fanyeni mpango", awe na mahali pa kusimama.

Wenye ndege ndogo wana malalamiko yao, na sitaki kuyadharau. Bawa lilipong'oka kwenye Cessna 210 huko Australia mwaka 2019, FAA ilitoa agizo mwaka uliofuata kwamba mhimili unaounganisha mabawa ukaguliwe kwa kifaa cha umeme kinachoona nyufa zisizoonekana kwa macho. Nyingi ya ndege hizo ni za miaka ya sitini na sabini. Mhimili ukikutwa na ufa, gharama inaweza kukaribia bei ya ndege yenyewe, na mmiliki aliyekuwa akiruka kwenda viwanja vya changarawe anabaki na banda lenye chuma kisichoruka. Inauma. Lakini viwanja hivyo vya changarawe ndivyo vinavyonifanya nishikilie msimamo. Ndege ndogo nyingi hazijazwi hewa kama zile kubwa, sawa, ila kila kishindo cha kutua kwenye mabonde kinapanda kwenye miguu na mihimili. Kama serikali inataka kusaidia, inunue vifaa vya kupimia nyufa, isomeshe vijana wanaotoka Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kuvitumia, na wamiliki walipie huduma kwa bei ya kubebeka. Kusogeza muda wa agizo si msaada ninaoutaka, kwa sababu ufa hausomi barua ya kuongezewa muda.

Ninachotaka mimi abiria ni kitu chepesi, nacho ni orodha. Kila ndege yenye 5H inayobeba abiria wa kulipa, maagizo yanayoihusu, lini yalitekelezwa, yapi bado yako ndani ya muda. Iwekwe hadharani, kwa Kiswahili cha kawaida. Na kaunta ya uwanja wetu, ambao umekuwa katikati ya mji miaka yote hii huku ndege zikipita juu ya paa za watu, itangaze wazi: "Ndege imezuiwa kwa ukaguzi wa lazima wa bawa, tunasubiri majibu." Mashirika yataogopa kwamba abiria watakimbia. Baadhi watakimbia, wapande SGR. Wengi wataagiza chai ya maziwa na kusubiri, maana mtu hugombana zaidi na asichoelezwa.

Bajeti ya Wizara ya Uchukuzi husomwa hapa hapa Dodoma, katika mkutano wa Bunge unaoanza Aprili. Michango ya wabunge kuhusu ndege huwa ni ya aina moja: lini itakuja kwetu, kwa nini nauli ni kubwa, kwa nini ilichelewa. Natafuta mheshimiwa mmoja asimame aulize hivi: kati ya maagizo ya lazima yanayozihusu ndege zilizosajiliwa nchini, mangapi yamekamilika, mangapi yanasubiri, na katika yaliyokamilika ni mangapi ambayo mkaguzi wa TCAA aliiona kazi kwa macho yake kabla ya kupokea karatasi? Spika akimpa swali la nyongeza, aulizie na zile Cessna.