Pweza anaumia au anashtuka tu?

Tangu Uingereza ipitishe ile sheria ya 2022 inayowatambua pweza, ngisi, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia, huku kwetu imekuwa kichekesho, watu wanauliza kesho si tutaambiwa tumwombe radhi dagaa. Mi nacheka nao, ila tumecheka kabla ya kusikiliza.

Wanaopinga wana hoja. Nenda diko asubuhi, mkono wa pweza uliokatwa muda huohuo bado unajikunja, ukiuchoma unajivuta, na ubongo haupo tena. Sasa huo mkono unaumia? Pweza ana seli za neva kama milioni 500 na zaidi ya nusu ziko mikononi, kwahiyo kujivuta peke yake hakuthibitishi kitu. Sawa kabisa.

Lakini wengi wanafunga mjadala hapo wakati ndo kwanza unaanza. Mwaka 2021 mtafiti wa Marekani, Robyn Crook, aliwapa pweza vyumba vyenye kuta za michoro tofauti, akaangalia kila mmoja anapenda kipi, kisha akawadunga asidi kidogo mkononi na kuwafungia kwenye kilekile walichokipenda. Baadae walipoachwa wachague, wakakikwepa. Wenzao waliodungwa maji ya chumvi wala hawakujali. Na pale palipodungwa asidi walikuwa wanapachuna ngozi kwa mdomo. Halafu ikaja ganzi: waliodungwa asidi wakapewa ganzi wakiwa chumba kingine, wakaanza kukipenda hicho, ila ambao hawakuwa na maumivu ganzi haikuwabadilisha chochote.

Mimi hiyo ganzi siwezi kuiruka. Mkono uliokatwa unajivuta, lakini haukumbuki chumba, wala hauchagui pa kukaa kwa sababu pale jana ulipata nafuu. Anayesema ni kushtuka tu inabidi atuambie basi ganzi ilimpunguzia pweza nini. Utasikia "haijathibitika asilimia mia", ni kweli, ila mpaka miaka ya 1980 kuna watoto wachanga walipasuliwa bila dawa ya maana ya maumivu, madaktari wakiamini hawasikii kitu, na wale walikuwa wanalia kabisa.

Hofu ya riziki naielewa, mama wa Pemba anayetoka na chuma chake maji ya bamvua hana haja ya lekcha. Ile sheria haimgusi, na hata kwao haijakataza uvuvi, inaitaka serikali izingatie ustawi wa viumbe hao inapopanga sera. Shida naiona kwenye ufugaji. Majimbo ya Washington na California yaliupiga marufuku 2024, ila kuna kampuni ya Hispania inataka kuwafuga Visiwa vya Kanari, na huyu ni mnyama wa kuishi peke yake, ukiwasonganisha wanaweza hata kulana. Yule mama akimtoa shimoni anammaliza palepale. Wa kwenye tanki anakaa na hiyo hali miezi na miezi, na kama majaribio ya Crook yako sahihi basi kuna anayeihisi.