Waraka wa Barnaba si Injili ya Barnaba

Nilisikia habari za Injili ya Barnaba, kitabu kinachodai kusimulia maisha ya Yesu, mara ya kwanza nikiwa kijana, nimesimama uwanjani kwenye mhadhara wa Waislamu. Mhadhiri alikiinua kitabu juu: "Hiki ndicho viongozi wenu wa kanisa walichowaficha!" Nilirudi nyumbani nimenyong'onyea. Wazee wa kanisa nilipowauliza, walinijibu kwamba vyote vyenye jina hilo ni vya shetani. Jibu hilo nalo liliniuma, maana si kweli.

Upo Waraka wa Barnaba, na huo ni wa kale hasa. Mwandishi anajua kuwa Hekalu la Yerusalemu limeshabomolewa, jambo lililotokea mwaka 70. Waraka mzima umo ndani ya Kodeksi ya Sinai, Biblia ya Kigiriki ya karne ya 4, mara tu baada ya Ufunuo. Wakristo wenyewe ndio walioutunza na kuunakili kwa mkono.

Tazama unavyosoma Mwanzo 14:14, pale Abrahamu anapotoka na watu wake 318. Katika Kigiriki herufi ndizo tarakimu: iota ni 10, eta ni 8, tau ni 300. Iota na eta zinaanza jina la Yesu. Tau ina umbo la msalaba. Nilizichora kwenye karatasi nikazikodolea macho. Ni akili nyingi, ila Mwanzo iliandikwa kwa Kiebrania, na hesabu hiyo ya herufi za Kigiriki haimo. Tena mwandishi hajitaji popote kuwa ndiye Barnaba, mwenziwe Paulo. Ukale wa andiko hauthibitishi jina lililobandikwa juu yake.

Injili ya Barnaba ni habari nyingine. Nakala yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna ni ya karne ya 16 hivi. Humo Yesu anafika Nazareti kwa chombo, mji ulioko vilimani! Yubile, yaani mwaka mtakatifu wa maachilio, ni kila miaka 100, wakati Mambo ya Walawi yasema 50. Ya miaka 100 ilitangazwa na Papa Bonifasi VIII mwaka 1300. Na ndugu zangu Waislamu, kitabu hicho kinamkana Yesu kuwa Masihi, cheo ambacho Qur'ani yenyewe inampa Isa.

Na wazee wangu wa kanisa nao wajue: kitabu kuwa nje ya Biblia si lazima kiwe cha shetani. Askofu Athanasius wa Aleksandria alipoorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya mwaka 367, alitaja pia Mchungaji wa Hermas, kitabu kingine cha kale cha Wakristo: hakimo katika orodha, lakini kinawafaa wanaojifunza imani. Katika darasa langu la kipaimara hakuna aliyewahi kukitaja.