Bandama kifuani: wakutoboe kwanza au wakuulize kwanza?

Mtu anaenda kupiga eksirei ya kifua kwa ajili ya kazi tu, anaambiwa kuna vinundu kushoto, hapo hapo ukoo mzima unawaza TB au kansa. Ila kuna kitu kinaitwa splenosisi, jina walilitoa Buchbinder na Lipkoff mwaka 1939. Bandama ikipasuka kwenye ajali vipande vyake vinamwagika na kujishikiza kwingine, na kama kile kiwambo kati ya tumbo na kifua nacho kimechanika basi vinapanda kifuani, vinapata damu yao na kukaa humo hata miaka ishirini bila kumsumbua mtu.

Sasa chukulia jamaa wa Tandika, aligongwa na daladala 1998, akapasuliwa, bandama ikatolewa, kadi ya hospitali ikaliwa na mchwa. Leo anaulizwa sigara, anaulizwa kikohozi, hakuna anayemwambia vua shati, na lile kovu refu la tumboni limetulia tu chini ya fulana.

Wanaotaka kinyama cha vinundu kichukuliwe haraka kikapimwe mi siwalaumu. Kansa ni nyingi kuliko hiki kitu, mbali sana, ukisubiri ikawa kansa kweli utamwambia nini mke wake? Na kipimo kisichotoboa hakipo kila kona, ni mambo ya nyuklia, labda uende hospitali ya kansa ya Ocean Road huko Dar. Ila ni kizuri jamani: wanatoa damu yako kidogo, chembe nyekundu wanazipasha moto zichakae, wanazipachika tekineti, yaani dawa yenye mionzi kidogo, wanazirudisha mshipani, na palipo na bandama panawaka kwenye kamera, maana kazi ya bandama ndo hiyo, kukamata chembe mbovu.

Af bandama imejaa damu, ukiidunga sindano inaweza kuvuja vibaya, na wapo waliofunguliwa kifua kizima kumbe hakuna ugonjwa.

Mi naegemea hivi: ana kovu, vinundu viko kushoto tu, picha ya zamani inaonyesha havijakua, subirini skani. Hana historia ya ajali au anakonda, chukueni kinyama hata kesho. Na kuna kidokezo cha bei chee, tone la damu kwenye hadubini: aliyetolewa bandama kwa kawaida huonekana na vidoa vya Howell-Jolly ndani ya chembe nyekundu, mabaki ambayo bandama ingeyasafisha, asipokuwa navyo ujue kuna bandama mahali inapiga kazi.