Usiniulize Mteja Wangu Alizaliwa Mwezi Gani

Juzi nilikuwa Roysambu na rafiki yangu ambaye pia hutengeneza tovuti, tunakunywa chai kwenye kibanda kilicho chini ya jengo anapokodi meza. Akaniambia amepata njia ya kuwakwepa wateja wasumbufu. Kabla ya kutuma bei humwuliza mtu siku yake ya kuzaliwa, eti apate kumtumia salamu ikifika. Akikuta nyota yake ni Nge, anapandisha bei mara mbili ili mtu akimbie mwenyewe. Mapacha hachukui kazi yao kabisa, kwa kuwa "hao hubadilisha mawazo kila siku". Alinieleza kwa furaha, kama mtu aliyepata dawa ya ugonjwa wa miaka.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima na bado linanichoma. Hiyo ni dhuluma.

Siandiki kama mtu asiyewahi kukaribia elimu ya nyota. Tovuti ya tatu niliyolipwa kuitengeneza ilikuwa ya mnajimu, mzee wa kutoka Pwani anayeishi Pangani, hapa Nairobi. Watu walikuwa wakimfuata nyumbani na kumngojea kwenye ngazi, naye akataka waweke miadi na kulipa kwa M-Pesa kabla hawajatoka kwao. Alilipa nusu ya kwanza siku ile tuliyoafikiana. Maneno yote ya tovuti aliniletea yakiwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake. Hakuna mteja aliyenifanyia hivyo kabla yake, wala baada yake.

Fomu ya miadi ilikuwa na jina, tarehe ya kuzaliwa, mahali na saa. Kwenye saa niliweka kisanduku cha tarakimu, 00 hadi 23, kama nilivyozoea. Baada ya wiki tano nilikuwa napitia kumbukumbu nikitafuta malipo ya mtu mmoja yaliyopotea, nikaona kitu. Kati ya watu arobaini na ushei, hapakuwa na hata mmoja aliyejaza tarakimu iliyozidi 12. Nilitazama ile safu ya tarakimu, 02, 07, 11, 04, kisha nikaelewa, mikono ikaanza kunitoka jasho. Watu walikuwa wameandika saa wanazozitaja mdomoni. Aliyezaliwa saa mbili asubuhi aliandika 02, na programu ikasoma saa nane usiku. Kila ramani ya nyota iliyochorwa ilikuwa na kosa la saa sita au zaidi, na kosa lilikuwa langu.

Kwa mnajimu hilo si jambo dogo. Msingi mmoja wa usomaji wao ni buruji, yaani nyota kati ya zile 12, inayochomoza upande wa mashariki mtoto anapozaliwa, na hiyo hubadilika takriban kila baada ya saa mbili, hata zote 12 zikapita ndani ya siku moja. Ukikosea saa sita umeruka buruji tatu. Umemsomea mtu maisha ya jirani.

Na hakuna aliyelalamika. Nilipekua jumbe zote. "Mzee, umeniona mpaka ndani." "Ni kama ulikuwa unaishi kwetu." Mama mmoja alisema amelia.

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani, Bertram Forer, aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini ameandikiwa yeye peke yake, halafu akawaomba wapime yanavyowafaa. Wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maneno yale yale, na sehemu kubwa yalitoka kwenye kitabu cha unajimu. Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka yule mama wa Pangani. Sikumwona mjinga hata kidogo. Alikuwa na mzigo, akapata mtu wa kumsikiliza.

Lakini nilikumbuka pia maelezo ya kazi tunayotumiwa kila siku. "Nataka tovuti ya kisasa, rahisi, yenye mvuto." Sentensi hiyo inamfaa muuza magodoro wa Gikomba sawasawa na wakili wa Upper Hill. Tukiichukua ilivyo tunachora tovuti ya mtu yeyote, na mteja akiiona anasema siyo. Ndipo rafiki yangu anapomwita Mapacha. Mteja huyo hajabadilisha mawazo. Hatukuwahi kumwuliza mawazo yake.

Kuna jambo mzee mwenyewe alinifunza. Wanafalaki wa zamani wa Pwani hawakuhitaji tarehe. Walichukua jina lako na la mama yako, wakajumlisha thamani za herufi kwa hesabu ya abjadi, wakagawanya kwa 12, na kinachobaki ndiyo nyota yako. Kwa njia hiyo mtu wa mwanzo wa Novemba, ambaye kwa tarehe ni Nge, anaweza kuwa Mizani, au Samaki. Sasa rafiki yangu ampandishie bei kwa hesabu ipi? Nyanya yangu yeye alizaliwa "mwaka wa njaa", na tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ni ya kukisia. Angekuja kutaka tovuti ya kuuza vikapu, angekadiriwa kwa tarehe ya karani.

Na sayari ya Utaridi nayo, ambayo wapenda nyota huilaumu mitambo inapogoma. Mwezi uliopita tovuti ya mteja wa rafiki yangu ilizimika, rafiki yangu akasema Utaridi imerudi nyuma. Nilipoangalia, kikoa cha .co.ke, yaani jina la tovuti, kilikuwa hakijalipiwa. Sayari hiyo hairudi nyuma. Inalizunguka jua kwa siku 88, sisi kwa siku 365, na inapotupita kwa upande wa ndani ndipo huonekana imegeuka. Simama na gari lako kwenye mzunguko wa Globe. Gari lililo upande wa pili utaliona likienda kulia, na likifika mbele yako linaenda kushoto, na dereva hajagusa gia ya nyuma. Hali hiyo hutokea mara tatu au nne kwa mwaka, kila mara kama wiki tatu. Jumlisha uone, ni karibu siku moja kati ya kila tano. Balaa lolote litapata pa kuangukia.

Kinachoniuma zaidi kiko hapa kwetu. Sisi Wakenya tunajua vizuri maana ya kupimwa kabla hujafungua mdomo. Umetuma maombi ya kazi, mtu anasoma jina lako la pili, anakunja karatasi. Wengi wetu tulijiajiri kwa kukimbia mambo hayo. Leo tunamkunjia mtu karatasi kwa sababu ya mwezi aliozaliwa, jambo ambalo hakulichagua, kama vile asivyochagua jina la babu yake. Tena kwa udanganyifu, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumike kwa kazi uliyomweleza ulipozichukua. Umesema salamu, ukatumia kupanga bei.

Nilimwambia rafiki yangu maswali ninayouliza mimi. Nani mwenye neno la mwisho? Fedha zinatoka mfuko wa nani? Nani ataandika maneno ya tovuti, na lini? Mteja aliyenisumbua kuliko wote alishindwa kujibu la kwanza, kwa sababu walikuwa ndugu watatu wasiosemezana, na mimi nikaendelea tu. Nilibadilisha rangi ya kichwa cha tovuti mara kumi na moja. Hilo lingejulikana siku ya kwanza bila kuitazama mbingu.

Lakini nirudi kwa mzee wangu. Nilikwenda Pangani mwenyewe kumwambia kuhusu saa, sikuona sawa kumpigia simu. Alinyamaza muda mrefu, akazungusha kikombe cha kahawa, kisha akasema, "Mwanangu, tuwasomee upya wote, na tusichukue hata shilingi." Tulikaa siku mbili. Mimi nilipiga simu nikiuliza kila mmoja kama ni saa mbili ya asubuhi au ya usiku, yeye akichora. Watu watatu walimjibu kwamba usomaji wa pili ndio hasa uliowapata.

Fomu niliitengeneza upya usiku ule. Sasa unachagua kwanza alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku, ndipo unaandika saa kama unavyoitaja.