Stelingi Lazima Aoe

Kwenye vibanda umiza tulikokulia, sheria ilikuwa moja: stelingi hafi. Hata azingirwe na watu hamsini wenye bunduki, mtoto wa darasa la tatu aliyelipa kiingilio chake alijua jamaa atatoka mzima, na hakuna aliyenyanyuka kudai pesa yake. Lakini filamu ya mapenzi ya kuchekesha ikitujulisha tangu kwenye bango nani atamchukua nani, tunabetua midomo: ah, hii inatabirika.

Lawama hiyo ina haki yake. Chukua Sleepless in Seattle ya Nora Ephron, ya mwaka 1993. Tom Hanks ni mgane anayeishi Seattle na mwanawe. Meg Ryan yuko Baltimore, mchumba wa mtu. Hao wawili hawakutani hasa mpaka dakika za mwisho, juu ya jengo la Empire State. Nani alikuwa na wasiwasi? Mchumba mwenyewe, Walter, kaigizwa na Bill Pullman, na sehemu kubwa ya kazi aliyopewa ni kuwa na mzio wa kila kitu kilichoumbwa. Huyo hakuletwa ashindane, kaletwa aachwe. Anarudishiwa pete wakiwa mezani, anakubali kwa upole, basi. Namwonea huruma Walter hadi leo, na sidhani mwandishi alitaka nimwonee.

Wanaoitetea aina hii ya filamu wanasema mwisho ukishajulikana, mtazamaji anabaki kufuatilia njia, na njia inabebwa na waigizaji. Wana hoja. When Harry Met Sally ya mwaka 1989 mwanzoni iliandikwa wawili hao waachane kila mtu na lake. Mwongozaji Rob Reiner, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, akakutana na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, na mwisho ukabadilishwa. Kwa hiyo ule mwisho tunaouita wa kawaida, pale ulikuwa mabadiliko. Na Billy Crystal si sura ya kubandika ukutani. Ila mweke na Meg Ryan wabishane juu ya chakula, juu ya urafiki, juu ya lolote, unaona damu zao zimepatana. Miaka kumi na miwili ya hadithi inapita hujachoka.

Kuna pia waliovunja sheria wakapona. Mwaka 1997 Julia Roberts alikosa bwana harusi katika My Best Friend's Wedding, na filamu ikaingiza karibu dola milioni 300. Na mwaka 2018 Crazy Rich Asians haikugusa kanuni hata kidogo: binti wa kawaida, kijana tajiri, mama mkwe mkali. Kilichobadilika ni sura, waigizaji wote wakuu wakiwa wenye asili ya Asia, ikapata zaidi ya dola milioni 230. Unajiuliza basi miaka yote tulichochoka nacho kilikuwa kanuni, au zile sura zile zile.

Mimi naona ni sura, na hasa sura ya mpinzani. Bridget Jones's Diary ya mwaka 2001 ililalamikiwa Uingereza kabla haijatoka: Renée Zellweger wa Texas ataigizaje binti wa London? Akaigiza, akateuliwa kuwania Oscar. Colin Firth alipewa jina la Darcy, jina lile lile aliloigiza BBC mwaka 1995 katika Pride and Prejudice, la yule anayemwoa binti mwishoni, yaani mwisho umetangazwa mchana kweupe. Ujanja ulikuwa kwa Hugh Grant. Yule mpole wa filamu za nyuma, mwenye kigugumizi cha aibu, safari hii kawa bosi laghai, na bado anavutia kiasi cha kukutia hasira. Huyu si Walter. Nusu ya watazamaji wangeondoka naye.

Wanaume hao wawili wanapigana barabarani kama watu wasiowahi kurusha ngumi maishani. Wanaangukia ndani ya mkahawa, wanakuta mtu anaimbiwa wimbo wa siku ya kuzaliwa, wanasita, nao wanaimba. Kisha wanaendelea mpaka wanatokea dirishani. Nilijua tangu dakika ya kumi nani atabaki na Bridget. Chai iliyokuwa jikoni ilichemka hadi ikamwagika, sikunyanyuka.